Mara ya Kwanza, kwa Mara ya Nne

Kabla mkono wake haujavunjika, Mama Colette alijulikana kwa lituma. Kwenye njia ya Bafwasende, pale lami ya Kisangani inapochoka na udongo mwekundu unaposhika kazi, alikuwa na kibanda cha mabati manne na kinu kimoja. Madereva waliotoka siku nne porini walisimamisha malori yao hapo kabla hata ya kwenda kuwaona wake zao. Ndizi za kuchemsha mtu yeyote anaweza kukuwekea kwenye sahani. Lituma ni kazi ya mkono. Makemba, zile ndizi kubwa za kupika, hupondwa yakiwa bado ya moto, mabichi pamoja na machache yaliyoiva, na mchi haupumziki mpaka donge lote liwe laini na lishikane. Ukipumzika, yanabaki mabonge, na mteja anasukuma sahani.

Mama Colette hakuwa mtu wa kupumzika. Miaka kumi na tisa alitwanga kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukigeuza. Mume wake alikwenda kutafuta dhahabu Bafwasende na hakurudi, wala hakutuma salamu. Kwa kinu hicho aliwazika wazazi wake kwa heshima na kuwasomesha watoto wawili wa marehemu dada yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye benchi ya darasa hata siku moja.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Landry, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja aitwaye Zuberi. Landry alikuwa kijana mcheshi, anayesalimia vizuri, anayemwita kila mwanamke mzima mama. Chini ya kiti chake kulikuwa na chupa ya plastiki yenye lotoko, ile pombe kali ya mahindi, na jambo hilo halikuwa siri ya mtu. Zuberi, mzaliwa wa Maniema, hakugusa pombe tangu azaliwe, hakukosa sala ya Ijumaa, na alijua yote. Mtu alipomuuliza kwa nini anamweka mlevi kwenye lori lake, alijibu bila kuona haya kwamba Landry akiwa mzima anaogopa matope ya ile njia, na akinywa anapita. Wengine walicheka. Mama Colette naye alicheka, akamwongezea Landry kipande cha samaki. Baadaye alikikumbuka kicheko hicho mara nyingi.

Ilikuwa siku ya pili ya juma, saa nne asubuhi, jua limetulia, barabara ni kavu na tupu. Mama Colette alikuwa ameketi kwenye kigoda, kinu katikati ya magoti, mchi uko juu. Lori la Zuberi liliacha njia kama mtu anayekata kona kwenda kwake, likavuka mtaro, likaingia kibandani. Bati moja liliruka mpaka kwa jirani. Kinu kilipasuka vipande viwili, na watu wote walisema ni kinu kilichompokelea pigo la kifua. Mkono wa kuume haukupokelewa na kitu. Ulivunjika mahali pawili.

Landry alishuka polepole. Aliangalia vile vipande viwili vya kinu, akamwangalia mama aliyelala kando yake, akauliza kama chakula kimekwisha iva.

Watu walitaka kulichoma lori. Polisi walifika, wakamchukua Landry. Mama Colette alipelekwa hospitali kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, amekaa nyuma huku mkono umefungwa kwa kitambaa chake cha kichwa. Alipotoka alikuwa na plasta kuanzia vidoleni mpaka begani, na neno moja kinywani: lazima afungwe.

Siku ya sita walikuja nyumbani kwake. Zuberi alitangulia, kanzu safi, sauti ya chini. Nyuma yake Papa Léon, chef wa avenue, yaani mkubwa wa mtaa, mwenye kofia yake ya kazi na bahasha. Nyuma kabisa Landry, ameachiwa asubuhi hiyo, anavuta mbuzi. Wabebaji wawili walishusha gunia la mchele na kikwembe kipya kilichokunjwa juu yake. Emile, kaka wa Mama Colette, ndiye aliyewapokea na kuwapangia viti, na viti hivyo vilikuwa vimekwisha azimwa kwa majirani tangu alfajiri. Mama Colette aliona jambo hilo.

Zuberi alizungumza vizuri kuliko padri. Alisema ajali haina mwenyewe, kwamba kijana amejuta, kwamba yeye Zuberi atakuwa kama ndugu wa nyumba hiyo. Landry alipiga magoti kwenye vumbi, akalia machozi ya kweli. Mama Colette alimwangalia akaona mtoto wa mtu. Emile alimsogelea sikioni.

"Dada, mutu akiwa ndani ya gereza atakusaidia na nini? Acha atoke, afanye kazi, akuangalie."

Papa Léon alitoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa imeandikwa kwa mashine, mistari mingi imebanana, na pale chini palikuwa na nafasi ya majina.

"Inasema nini?" aliuliza Mama Colette.

"Inasema mumesameheana. Ni ile tu."

Mama Colette aliitazama ile mistari. Ilikuwa mingi mno kwa neno moja. Alitaka kuuliza tena, lakini uani palikuwa pamejaa watu wanaoijua karatasi, na yeye hakutaka wamuone akishangaa mbele ya maandishi kama mbuzi mbele ya kioo. Ile aibu ndogo, ya kupumua mara moja tu, ndiyo iliyomgharimu yote. Kidole cha kuume kilikuwa ndani ya plasta, basi walimchovya kidole gumba cha kushoto, Papa Léon akakikandamiza mwenyewe.

Halafu mbuzi alichinjwa. Hiyo ndiyo desturi ya kumaliza maneno pale avenue: jamaa ya aliyekosa na jamaa ya aliyekosewa wanakula sahani moja kabla jua halijazama, na aliyekula hairudishi ile kesi tena, si kwa polisi, si kwa wazee, si hata katika ugomvi wa visimani. Papa Léon aliyasema hayo kwa sauti, kila mtu asikie. Mama Colette alilishwa na jirani kwa sababu mkono wa kulia chakula ulikuwa ndani ya plasta. Alikula. Nyama ilikuwa laini, imepikwa na pilipili na majani ya kitunguu, na alikuwa na njaa ya hospitali. Akaomba aongezewe. Kwa miaka iliyofuata aliweza kumsamehe kila mtu aliyekuwapo siku ile kabla ya kujisamehe yeye kwa kuomba aongezewe.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umeunga vibaya. Ulikunjika nusu na kukataa. Mganga wa mifupa aliukanda kwa mafuta ya moto miezi miwili, ukanyooka kidogo, lakini nguvu ya kuinua mchi haikurudi. Mama Colette alirudi kwenye kibanda chake akauza ndizi za kuchemsha, zile ambazo mtu yeyote anaweza kukuwekea kwenye sahani. Madereva walikula mara moja kwa huruma, mara ya pili kwa haya, mara ya tatu wakasimama kwa mwanamke mwingine mbele kidogo. Zuberi aliyekuwa kama ndugu alipita mbele ya kibanda bila kupunguza mwendo. Mwezi wa tatu Mama Colette alimwona Emile juu ya baiskeli mpya. Hakumuuliza ilitoka wapi. Emile alianza kupitia njia nyingine.

Nusu ya kinu aliihifadhi. Aliigeuza juu chini, akaifanya kigoda.

Mvua mbili zikapita. Asubuhi moja redio ilitangaza sheria mpya ya madereva walevi, na siku hiyo kibandani hapakuwa na mazungumzo mengine. Dereva akijeruhi mtu huku amelewa, mara ya kwanza ni faini au kifungo kifupi. Akirudia, ni miaka mingi gerezani, permis ya kuendesha inachukuliwa moja kwa moja, na gari linazuiwa. Mtangazaji alilikazia lile neno kurudia. Mwenye toleka mmoja, aliyekuwa akimenya ndizi yake, alisema serikali imemkumbuka Landry kwa jina, ilibaki tu kumpigia picha. Watu wakacheka. Mama Colette hakucheka, lakini alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kinu kipasuke. Alikuwa amesikia pia kwamba Landry alimvunja mguu mzee mmoja wa Yangambi aliyekuja mjini kuuza mafuta ya mawese, na kabla ya hapo alikuwa amebomoa veranda yenye mwanamke amelala ndani yake. Alihesabu kwa vidole. Huyo mtu, alijiambia, amekwisha rudia zamani. Akishikwa sasa, hatatoka.

Alishikwa mwezi wa nane. Noël alikuwa mwenye toleka kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi alivuka kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa mbele, na kila jioni alirudi hivyo hivyo. Siku hiyo, saa tisa mchana, alikuwa amemfikishia mtu godoro na alikuwa akirudi na baiskeli tupu, pembeni kabisa mwa barabara. Lori la Zuberi lilimpiga kutoka nyuma. Alikufa palepale, mkono mmoja bado umeshika kengele. Landry alitolewa kwenye usukani kwa kushikwa makwapa, anaimba.

Mama Colette alilia aliposikia, na ndani ya kilio hicho, Mungu amsamehe, kulikuwa na kitu kama furaha. Siku ya pili alivaa kikwembe chake kizuri, si kile cha Zuberi, akajitwika ile nusu ya kinu kichwani, akatembea mpaka parquet, ofisi ya waendesha mashtaka. Kwenye mlango walimuuliza kama amekuja kuuza. Alisema amekuja kutoa ushahidi. Waliosikia walicheka, lakini walimpisha, kwa sababu mwanamke mwenye kinu kichwani ukimzuia mlangoni anaziba njia.

Afisa aliyempokea alikuwa kijana, macho mekundu ya kusoma, si mtu mbaya. Alimpa kiti. Mama Colette aliweka kinu sakafuni katikati yao, akasema huyu ndiye shahidi wake, kisha akaeleza yote, kuanzia bati lililoruka mpaka mkono usiokunjuka. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alifungua kabati, akatoa faili nyembamba, ndani yake karatasi tatu.

"Mama, jina lako nzima ni nani?"

Alimtajia. Afisa alichambua, akapata, akaigeuza karatasi amwonyeshe. Pale chini palikuwa na alama ya kidole gumba, kubwa, iliyochafuka pembeni kwa sababu ilikandamizwa na mtu mwingine.

"Hii njo kidole yako?"

"Ni yangu. Ya kushoto."

Afisa akasoma kwa sauti, akiigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili polepole. Karatasi ilisema kwamba mwathirika anakiri kuwa aliingia barabarani ghafla bila kuangalia. Ilisema dereva alikuwa katika hali yake ya kawaida na alifanya kila alichoweza. Ilisema mwathirika hana malalamiko, na hatakuwa nayo, mbele ya mahakama yoyote.

Mama Colette alimwomba arudie pale mwanzo. Akarudia.

"Niliingia mu barabara?" alisema. "Mi nilikuwa nimekaa. Kinu iko hapa. Kinu nayo iliingia mu barabara?"

Afisa alichukua karatasi nyingine. Akamsomea ya pili, ya mzee wa Yangambi. Mzee naye aliingia barabarani ghafla. Akamsomea ya tatu, ya mwanamke wa veranda, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, kwenye veranda ya nyumba ya baba yake. Huyo pia aliingia barabarani ghafla bila kuangalia. Maneno yalikuwa yale yale, mpaka kosa moja la herufi lilirudi mahali pale pale mara zote tatu, afisa alilionyesha kwa kalamu akitikisa kichwa. Kuna mtu wa mashine karibu na ofisi ya commune, alisema, anazitoa kwa mafungu, na ma-chef wa avenue wanachukua kwake kama mtu anavyochukua mkate. Unajaza jina tu.

"Lakini redio ilisema mutu mwenye kurudia," Mama Colette alisema. "Huyu amerudia. Tuko watatu, na yule marehemu ni wa ine."

"Mama, sikiliza. Mwenye kurudia, kwa sheria, ni mutu tribunal ilisha muhukumu zamani. Huyu Landry, tribunal haijamuona hata siku moja. Kila mara munasameheana mbele afike kwa judge. Donc kwa sheria, leo ni mara yake ya kwanza."

"Ya kwanza."

"Ya kwanza. Na jamaa ya marehemu wakitia kidole pia, hata ile ya kwanza haitakuwa. Dossier itakuja hapa na karatasi ya ine ndani, na mi nitaifunga." Alifunga faili, akaiweka mkono juu kama kitu kinachoweza kuruka. Kisha akauliza, taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa: "Juu ya nini ulitia kidole kwa kitu hujasoma?"

Mama Colette alimwambia kwamba waliisoma wenyewe, na kwamba walisoma mstari mmoja. Alijitwika kinu chake. Mlangoni aligeuka, akauliza mazishi ya yule wa toleka ni lini. Afisa alisema amesikia ni kesho, ng'ambo.

Asubuhi yake alikuwa ufukoni mapema. Mtumbwi alioupanda ulikuwa na wanawake wenye mihogo na mtu mwenye mabati. Katikati ya mto aliona mtumbwi mwingine mbele yao, wenye mota, umekaa chini sana majini. Ndani yake kulikuwa na kanzu nyeupe, kofia ya kazi, gunia la mchele, na mbuzi mwenye kamba mpya, amesimamishwa miguu minne akitazama maji kwa hofu. Mama Colette alimwambia mpiga kasia aongeze nguvu. Mpiga kasia alimuuliza kama anadhani kasia ina mota. Wanawake wakacheka. Basi aliketi tu akimwangalia yule mbuzi anavyofika kabla yake.

Alipofika kwenye uwanja wa matanga, mambo yalikuwa yamekwisha pangwa. Wanaume wa jamaa walikuwa chini ya turubai, meza katikati, karatasi juu ya meza, kalamu na kibati cha wino pembeni yake. Zuberi alikuwa anazungumza, sauti ile ile ya chini. Ajali haina mwenyewe. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Wanawake walikuwa upande mwingine, kwenye mikeka, na katikati yao mjane, Hélène, mwanamke wa miaka thelathini hivi, nywele zimefumuliwa, baiskeli iliyopinda imeegemezwa ukutani nyuma yake kwa sababu hakuna aliyejua pa kuiweka.

Mgeni hawezi kuingia tu kwenye kikao cha wanaume akaongea. Lakini mwanamke anayeingia matanga akilia hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Mama Colette alifungua kinywa akalia, akapita mbele ya meza akilia, akaanguka kwenye mkeka kando ya mjane. Alianza kilio hicho kama njia ya kupita mlangoni. Kabla hajafika kwenye mkeka kilikuwa cha kweli. Zuberi alimwona. Aliusahau ule mstari aliokuwa akiusema, akaurudia tangu mwanzo.

Hélène alimwacha amlilie begani, kisha akamuuliza chini chini yeye ni nani.

"Mi ni ule huyu dereva alipiga zamani, mbele apige bwana yako. Angalia mukono." Mama Colette aliunyoosha mpaka ulipogoma. "Waliniletea mbuzi kama ile. Na mchele. Na ile papa wa kofia, yeye huyu huyu."

"Ulikula?"

"Nilikula. Niliomba waniongezee."

Hélène aliinua kichwa kuangalia meza. Kule mezani mkubwa wa jamaa, kaka wa Noël, alikuwa anaitikia kwa kichwa, na Papa Léon alikuwa anafungua kibati cha wino.

"Mama, mi niko na watoto watatu," Hélène alisema. "Ule mchele utawalisha mwezi mbili. Wewe unataka niwalishe na nini, na kesi?"

Mama Colette aliliangalia lile gunia la mchele. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Akamuuliza jambo jingine.

"Wewe umesoma?"

"Mpaka ya sita."

"Basi ukiitwa, usitie kidole. Omba karatasi usome. Kwa mudomo, watu wote wasikie. Ukimaliza kusoma, ukitaka kula, kula. Mi sitakuhukumu."

Hélène aliitwa muda si muda. Papa Léon alisema mjane aje aweke alama, ni neno dogo tu, wamesameheana. Hélène alisimama akaenda, akaichukua karatasi mezani kabla hajapewa. Papa Léon alinyoosha mkono arudishiwe. Hélène aligeuka kidogo, mgongo kwake, akaanza kusoma. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi, kinagonga gonga, na alipofika kwenye neno gumu alilikata vipande. Alisoma kwamba marehemu aliingia barabarani ghafla bila kuangalia. Hapo alisimama. Aliwaangalia wanaume wote mmoja mmoja, kisha akaangalia ile baiskeli ukutani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjwa kama mkate wa kuliwa na chai. La mbele lilikuwa zima.

"Iligongwa nyuma," alisema. "Mutu anaingia na nyuma?"

Kaka wa Noël, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekwisha gusa kalamu, aliirudisha mezani. Zuberi alianza kusema kwamba hayo ni maneno ya ofisi tu, ni desturi ya karatasi. Hélène hakumsikiliza. Alitembea mpaka kwenye nguzo ya jiko, akafungua kamba kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa jipya na gumu, akaja akaiweka mkononi mwa Zuberi. Mzee mmoja wa jamaa aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyetumaini, kama na mchele unarudi pia. Mchele nao ulirudi. Hélène aliutazama unavyobebwa mpaka ulipopotea nyuma ya migomba, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshinda.

Kesi ilifika mahakamani. Hilo peke yake watu wa njia ya Bafwasende walilizungumzia kama muujiza. Mama Colette alihudhuria kila siku ya kesi, akiacha kibanda kimefungwa. Siku ya hukumu jaji alisoma kwa muda mrefu, halafu akafika kwenye neno ambalo Mama Colette alilitambua hata kwa Kifaransa. Kwa kuwa mshtakiwa hana hukumu nyingine yoyote, alisema jaji, na kwa kuwa ni mara yake ya kwanza, anapewa kifungo cha miezi minane, permis yake inazuiwa mwaka mmoja, na lori linarudishwa kwa mwenyewe.

Mama Colette alisimama katikati ya watu.

"Tuko wane," alisema.

Jaji alimwambia akae. Hakukaa. Alisema tena kwamba wako wanne, na mmoja wao yuko chini ya udongo, mpaka polisi alipomshika kwa ule mkono mbaya na kumtoa nje. Nje alikaa kwenye ngazi. Hélène alitoka baadaye, akakaa kando yake. Walikuwa na njaa wote wawili.

"Mama, tumeshinda?" Hélène aliuliza.

"Sasa iko moja."

"Moja ya nini?"

"Moja ya kuhesabu. Wameanza kuhesabu leo. Ile sheria ya redio inangojea ya pili." Alifuta uso kwa ncha ya kikwembe. "Inabakia mutu mwingine apigwe. Hapo itatumika muzuri."

Hélène alivuka kurudi Lubunga. Siku hizi anauza maharagwe kwa vikombe, na watoto wawili kati ya watatu wamerudi shule. Mama Colette humtumia ndizi kwa wapiga mitumbwi, wakati mwingine zinafika.

Siku alizokaa Landry rumande akisubiri zilihesabiwa ndani ya kifungo, na alitoka mwaka wa shule haujafungwa bado. Permis hana, lakini matope ya Bafwasende hayamuulizi mtu permis, na Zuberi hajapata mwingine anayepita. Lori ni lile lile. Wamelinyoosha mbele, wakalipaka rangi ya kijani. Landry akipita huwa anapunguza mwendo, anatoa mkono dirishani, anamsalimia Mama Colette kwa heshima zote, kama kijana aliyelelewa vizuri.

Mama Colette amekihamisha kibanda. Sasa kiko nyuma ya nyumba ya jirani, nyuma ya ukuta wa matofali, ng'ambo ya mtaro na rundo la mawe, mahali ambapo dereva haoni moshi wala hasikii harufu. Wateja ni wachache, wale wanaomfahamu tu. Wanalalamika. Juzi mwenye toleka mmoja, yule aliyesema serikali imemkumbuka Landry kwa jina, alimtania akimenya ndizi yake.

"Mama Colette, juu ya nini unajificha huku nyuma kama mwenye kuiba? Sheria si ilisha kuya?"

Mama Colette alikuwa amekaa juu ya nusu ya kinu, anamenya kwa mkono wa kushoto. Kule barabarani lilisikika lori, na yule kijana aligeuza kichwa kuangalia baiskeli yake aliyoiacha pembeni mwa njia.

"Ilikuya," alisema Mama Colette. "Inangojea ya pili. Kaitoe baiskeli yako pale."